Mwongozo Kamili wa Kuandika Hadithi ya Watoto Kuhusu Ushujaa na Urafiki Wakati wa Vita

Gramu 125 za mkate zinaenea kwenye kiganja cha mtoto wa miaka kumi. Katika mji wa Leningrad, Urusi, uliokuwa umezingirwa na jeshi la Ujerumani, kuanzia tarehe 20 Novemba hadi 25 Desemba 1941, huo ndio uliokuwa mgao wa mkate wa mtoto kwa siku nzima, na mkate wenyewe ulichanganywa na vitu ambavyo wakati wa amani mtu asingevila.

Nauanza mwongozo huu na kipande hicho cha mkate kwa sababu kimenifundisha zaidi kuliko picha zote za vifaru nilizowahi kutazama. Anayetaka kuwaandikia watoto kuhusu vita hukimbilia mizinga, majemadari na tarehe za mapigano. Miswada ya namna hiyo nimeisoma mingi, na mmoja niliuandika mwenyewe: mvulana wa miaka kumi anaiba ramani ya adui, anavuka mstari wa mbele usiku, anaokoa kikosi kizima. Mtoto mmoja niliyemsomea alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa huyo siku hiyo alikula nini?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuwa nimefikiria. Nikauweka mswada kando, nikaanza upya na swali lake.

Toka siku hiyo kipimo changu ni kimoja: naandika kile ambacho mkono wa mtoto unakifikia. Vita ni vikubwa, mtoto ni mdogo, na ushujaa wake una ukubwa wa mkono wake. Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka kwenye kipimo hicho.

Hatua ya kwanza: chagua kona moja ya vita

Usiandike kuhusu Vita vya Pili vya Dunia. Andika kuhusu mji mmoja, majira ya baridi mamoja, nyumba moja. Historia ina kona nyingi ambamo watoto walikuwemo kweli, tena wakiwa na jambo la kufanya. Septemba 1939, kwa siku chache tu, Uingereza iliwahamisha watu wapatao milioni moja na nusu kutoka mijini kwenda mashambani, wengi wao wakiwa watoto wa shule, wenye vibandiko vya majina kwenye makoti na vinyago vya kuzuia gesi ndani ya maboksi ya karatasi ngumu. Kabla ya hapo, kati ya Desemba 1938 na Septemba 1939, watoto karibu 10,000, wengi wao Wayahudi, walipandishwa treni kutoka Ujerumani na nchi jirani kwenda Uingereza bila wazazi wao. Oktoba 1943, Wayahudi zaidi ya 7,000 wa Denmark walivushwa kwenda Sweden ili wasikamatwe na Wajerumani, wengi kwa mashua za wavuvi.

Angalia kwamba katika kila kona kuna tendo ambalo mtoto analiweza: kumshika mdogo wake mkono asipotee stesheni, kutolia mbele ya mama dirishani, kunyamaza chini ya sitaha askari wakipita juu. Kama kona uliyoichagua haina tendo la namna hiyo, itakulazimisha umgeuze mtoto kuwa mtu mzima mfupi. Iache, tafuta nyingine.

Katika mwongozo huu nitashika Leningrad, mji ambao leo unaitwa Saint Petersburg, katika majira ya baridi ya 1941 hadi 1942. Ujerumani iliuvamia Umoja wa Kisovyeti tarehe 22 Juni 1941. Tarehe 8 Septemba njia ya mwisho ya nchi kavu kuingia mjini ilikatwa, na kuzingirwa kukaanza. Kulidumu siku 872, hadi tarehe 27 Januari 1944. Watu waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Hatua ya pili: fanya utafiti wa vitu, halafu wa siku

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo waandishi wengi wanapopachukulia juujuu. Chukua daftari na ugawe kurasa: kinachoonekana, kinachosikika, kinacholiwa, kinachovaliwa, kilichokatazwa. Jaza kwa vitu ambavyo mtoto anaweza kuvigusa. Usiandike "hali ilikuwa ngumu." Andika nini kilikosekana na watu walitumia nini badala yake.

Kwa Leningrad ukurasa wa sauti pekee unatosha kubeba sura nzima. Redio ilipokuwa haina matangazo ilirusha mlio wa metronomu, kile chombo cha wanamuziki kinachogonga kama saa. Mlio wa polepole ulimaanisha salama, mlio wa haraka ulimaanisha ndege za adui. Mtoto aliyelala gizani aliujua usalama wa mji mzima kwa kusikiliza kasi ya mlio ule. Ukikipata kitu kama hiki, kaa nacho. Jiulize mtoto alifanya nini nacho. Alihesabu? Alilala kwa kukifuatisha? Siku kilipokwenda haraka wakati bibi hawezi tena kushuka ngazi kwenda kwenye handaki, alibaki naye au alishuka peke yake?

Ukurasa wa vitu: majiko madogo ya bati yaliyochomewa samani na vitabu. Sleji za watoto, vile vigari visivyo na magurudumu vya kuburutwa juu ya theluji, ambavyo kabla ya vita vilikuwa vya kuchezea, kisha vikawa vya kubebea ndoo za maji kutoka kwenye matundu yaliyotobolewa juu ya barafu ya mto Neva, na vya kubebea maiti. Wino ulioganda shuleni. Gundi ya seremala iliyochemshwa ikawa mchuzi. Maghala ya chakula ya Badayev yaliyoungua kwa mabomu tarehe 8 Septemba, na watu waliokwenda baadaye kuuchimba udongo uliolowana sukari iliyoyeyuka, wakauchemsha na kuuchuja ili wapate utamu. Mtoto anayesoma habari ya udongo mtamu hataisahau, na hutahitaji kumweleza njaa ni nini.

Baada ya vitu, tengeneza kalenda yenye safu mbili. Safu ya kwanza: kilichotokea kweli, na tarehe. Safu ya pili: mtoto wako anajua nini siku hiyo. Safu ya pili ndiyo itakayokuokoa. Wewe unajua ni siku 872. Desemba 1941 hakuna aliyelijua hilo, na mhusika wako hapaswi kuishi kama anayejua kwamba atapona.

Mfano wa safu hizo mbili ulio wazi kuliko wowote ni daftari dogo la Tanya Savicheva, msichana wa Leningrad aliyezaliwa mwaka 1930. Ni kurasa tisa tu. Sita zinataja vifo vya watu wa nyumbani kwao, kuanzia tarehe 28 Desemba 1941 hadi 13 Mei 1942, na wa mwisho kati yao ni mama yake. Kurasa tatu zilizobaki zinasema kwamba akina Savichev wamekufa, wote wamekufa, amebaki Tanya peke yake. Hivyo ndivyo alivyojua. Kumbe dada yake Nina na kaka yake Mikhail walikuwa hai mahali pengine. Tanya mwenyewe alifariki tarehe 1 Julai 1944, baada ya kutolewa mjini. Nimelitaja daftari hili ili ulisome taratibu na kwa heshima, na nakusihi usichukue maisha yake ukayafanya hadithi yako. Jifunze kwake jinsi mtoto anavyoliona jambo kubwa kwa maneno machache, kisha umbuni mtoto wako.

Kalenda hukulinda pia na makosa ya wakati. Kwenye barabara kuu ya Nevsky Prospekt kuna maandishi maarufu yanayowaonya raia kwamba upande huu wa barabara ni hatari zaidi wakati wa mizinga. Yanavutia sana, na mwandishi yeyote atataka mhusika wake apite hapo ayasome. Lakini maandishi hayo yalipakwa mwaka 1943. Mtoto wa majira ya baridi ya 1941 hakuyaona. Yafute, hata kama yanakuuma.

Tahadhari na hadithi tamu zinazozunguka kama ukweli. Wengi wamesikia kwamba mfalme Christian wa Kumi wa Denmark alivaa nyota ya njano, alama ambayo Wajerumani waliwalazimisha Wayahudi wa nchi nyingine kuivaa, ili kuwaunga mkono Wayahudi. Hakuivaa, na Wayahudi wa Denmark hawakuwahi kuamriwa kuivaa. Ukweli wa nchi ile, ambako watu wa kawaida waliwavusha majirani zao bahari kwa siku chache, una uzito wa kutosha bila pambo hilo. Mtoto atakayekuja kugundua ukubwani kwamba ulimdanganya jambo moja hatakuamini tena hata katika yale ya kweli, na katika mambo ya vita hilo ni deni zito.

Hatua ya tatu: anzisha urafiki kabla ya njaa

Urafiki ukianzia ndani ya hatari, msomaji ataona hatari tu. Wape watoto wako wawili sura moja au mbili za amani, na ndani yake weka mambo matatu: kitu wanachofanya pamoja, kitu kinachowatofautisha, na ugomvi usiokwisha vizuri.

Katika mfano wetu tuwaite Vera na Mitya, watoto wa kubuni, Vera msichana wa miaka kumi na moja, Mitya mvulana wa kumi. Wanaishi kwenye nyumba ya familia nyingi, kila familia chumba chake, jiko na korido ni vya wote. Makazi ya namna hiyo yalikuwa ya kawaida mjini humo, na kwa mwandishi ni zawadi: milango iko jirani, siri hazifichiki, harufu ya chungu cha mmoja inawafikia wote. Vera ana sleji, Mitya hana. Mwaka uliopita Mitya aliiazima akaivunja ubao mmoja, akakana. Hawajawahi kulizungumza. Sasa vita vinakuja, na sleji ile ile ndiyo itakayobeba maji ya korido nzima. Huhitaji kumwambia msomaji kwamba ule ubao una maana. Kila inapoburutwa, inalalia upande.

Kosa ninaloliona sana ni urafiki wa mwokoaji na mwokolewa. Mmoja ana nguvu, akili na moyo, mwingine kazi yake ni kuteseka na kushukuru. Huyo wa pili si rafiki tena, ni mzigo wenye jina. Mpe kitu ambacho mwenzake anakihitaji kweli. Mitya amedhoofika, hashuki ngazi, lakini anasoma kwa sauti nzuri, naye Vera anaogopa usiku kuliko anavyoogopa njaa. Anapokwenda kupanga foleni ya mkate kwa ajili ya wote wawili, anarudi kwa sababu ya ukurasa unaofuata. Wote wawili wanadaiana.

Hatua ya nne: upime ushujaa

Tendo la ushujaa katika hadithi ya mtoto linahitaji mambo matatu. Kwanza, mtoto ajue hatari iliyopo. Asiyejua si shujaa, ana bahati. Pili, awe na njia rahisi ya kuliepa. Tatu, ikiwezekana, pasiwe na mtu anayemwona. Sifa za watu wazima zinaupunguza ushujaa, kwa hiyo jenerali wako asije na nishani mwishoni.

Mkate wa Leningrad una mahali ambapo haya matatu yanakutana. Ulipimwa kwenye mizani mbele ya mnunuzi, na mara nyingi muuzaji aliongeza kipande kidogo ili uzito utimie. Kile kipande cha kusawazishia mizani kilikuwa kishawishi kikubwa kwa aliyetumwa. Kimekatika tayari, hakuna atakayejua, na ni yeye aliyesimama kwenye baridi tangu alfajiri. Sasa mpe Vera kadi mbili za mgao, yake na ya Mitya, mkate wao upimwe pamoja.

Hivi ndivyo nilivyoiandika mara ya kwanza: "Vera alikuwa na njaa kali sana, lakini alimpenda rafiki yake, hivyo akaamua kwa ujasiri kutokula kile kipande." Kila kitu kimesemwa na hakuna kilichotokea. Mara ya pili nikaiandika hivi:

*Muuzaji alikata kuponi mbili kwa mkasi, akauweka mkate juu ya mizani. Mshale ulitetemeka, haukufika. Akakata kipande kingine, kidogo kama kidole gumba, akakiweka juu. Mshale ukafika.*

*Vera aliufunga mkate kwenye kitambaa, akauficha ndani ya koti. Kile kidogo hakikuwa kimeshikana na kikubwa. Kila alipopiga hatua alikisikia kikitembea ndani ya kitambaa. Cha nani? Mizani haikusema.*

*Kwenye ngazi alisimama. Hapakuwa na mtu. Alikitoa, akakinusa, akakilamba upande mmoja, akakirudisha. Ghorofa ya tatu alikitoa tena.*

*"Umechelewa," Mitya alisema bila kufungua macho.*

*Vera aliweka kile kipande katikati ya meza. "Hiki hakina mwenyewe."*

*Mitya akafungua macho. Alikitazama kwa muda mrefu. "Wewe kata," alisema, "mimi nitachagua."*

Naomba uangalie mambo mawili. Vera alikilamba. Mtoto asiyelamba hayupo duniani, na msomaji wako, anayejijua, ataacha kumwamini mara moja. Na maneno ya Mitya ni sheria ya watoto ya kugawana, sheria ambayo hakuna mtu mzima aliyewafundisha: mmoja anakata, mwingine anachagua. Ukitaka kuonyesha urafiki, tafuta sheria ndogo kama hiyo badala ya neno "urafiki."

Uzito wa tendo dogo hautoki hewani. Unatoka kwenye mazingira ambayo msomaji lazima awe ameyajua sura mbili kabla: kwamba kadi ikipotea ni vigumu mno kupata nyingine kabla ya mwezi kwisha, kwamba foleni huvamiwa, kwamba mtu aliyeanguka njiani huenda asiinuke. Yaweke mapema, kwa njia ya makatazo ya mama: kadi haitolewi mfukoni mpaka ufike mbele kabisa. Kama kwenye hadithi yako kuna nafasi ya watu wazima wenye ushujaa wa aina hiyohiyo, historia inao. Katika taasisi ya mimea mjini humo wanasayansi walitunza hazina ya mbegu, mchele na ngano vikiwemo, na baadhi yao walikufa kwa njaa bila kuila. Mtoto anaweza kusikia habari hiyo kwa nusu sentensi koridoni, asiielewe mpaka anaposhika kile kipande ngazini.

Hatua ya tano: panga sura kwa pumzi

Kwa wasomaji wa miaka tisa hadi kumi na miwili, maneno 20,000 hadi 30,000 yanatosha, katika sura fupi fupi zinazoweza kusomwa kwa kikao kimoja kila moja. Tundika sura chache kwenye tarehe za kweli, nyingine ziache huru. Kwa mfano wetu: moto wa maghala Septemba 8, mgao kupunguzwa Novemba 20, mgao kuongezwa Desemba 25 ambapo mtoto alitoka gramu 125 akafika 200, sherehe ya mti wa mwaka mpya waliyoandaliwa watoto wa shule mwanzoni mwa Januari 1942, kurudi kwa tramu, yale mabehewa ya abiria yanayokwenda kwenye reli za barabarani, Aprili 15.

Usidharau zile gramu 75 za Desemba. Kwa mtu mzima ni takwimu, kwa Vera na Mitya ni sura nzima ya furaha, na kitabu cha vita kisicho na furaha hakisomeki. Watoto walicheza hata wakati huo. Baada ya kila sura nzito weka inayopumua: mchezo wa vivuli kwenye mwanga wa jiko, ugomvi kuhusu nani alale upande wa ukuta, kicheko cha jambo lisilo na maana.

Hatua ya sita: kifo, hofu na adui

Watu huniuliza kama inafaa kumwandikia mtoto kuhusu kifo. Katika hadithi ya Leningrad huwezi kukikwepa, na ukikikwepa unawadhulumu waliokufa. Kinachobadilika kwa umri ni umbali. Kwa wadogo, kifo kinakuwa nje ya ukurasa: kiti cha bibi kipo, blanketi limekunjwa, kikombe kimeoshwa na hakijashushwa tena. Kwa wa miaka kumi na kuendelea, mtoto anaweza kuwepo chumbani, lakini usimwache peke yake. Awepo mtu mwingine, hata kama ni jirani asiyemtaka.

Sema "amekufa" au "amefariki." Usiseme "amelala." Msomaji wa miaka minane anaamini unachosema, na usiku atakuwa kitandani anaogopa kufumba macho. Usichore maiti kwa undani pia. Mlio wa sleji ya jirani ikipita chini ya dirisha, nzito, halafu ikirudi nyepesi, unatosha.

Kuhusu adui, kumbuka kipimo cha mkono. Vera hakumwona askari wa Kijerumani hata mmoja majira yale yote. Kwake adui ni mlio wa ndege, metronomu inayokwenda haraka, mkate unaopungua. Andika hivyohivyo. Usimpe adui pembe na meno, wala usitumie jina la taifa zima kama tusi, maana anayesoma leo huenda akakaa darasani na mjukuu wa taifa hilo. Wakati huohuo usilainishe kilichofanyika: mji ulizingirwa na watu wakaachwa wafe njaa kwa makusudi. Mtoto anaweza kubeba ukweli huo ukielezwa kwa sentensi moja fupi, na mtu anayempenda.

Hatua ya saba: lugha

Tashbihi zitoke kwenye ulimwengu wa mhusika. Ukiandika kwamba theluji ilikuwa nyeupe kama tui la nazi, umemtoa Vera Leningrad ukampeleka pwani ambayo hajawahi kuisikia. Yeye ataifananisha na shuka, na chaki, na unga ambao haupo tena kabatini, na hiyo ya mwisho itauma. Kama msomaji wako hajawahi kuona theluji, usimpe maelezo ya kamusi. Mwonyeshe kinachofanywa na baridi: ndoo ya maji iliyomwagika ngazini imekuwa kioo, sasa kila anayepanda anapanda kwa magoti.

Mazungumzo yasiwe darasa la historia. Hakuna mama anayemwambia mwanawe, "Kama unavyojua, tumezingirwa tangu tarehe 8 Septemba." Atasema, "Usitoke." Mtoto wa Kirusi humwita jirani wa kike shangazi hata kama si ndugu, kwa hiyo "shangazi" inaingia kwenye Kiswahili chako bila kulazimishwa, na inaleta heshima iliyokusudiwa.

Neno moja kuhusu vitenzi. Kiambishi -ka- kinasukuma hadithi mbele: akatoka, akashuka, akapanga foleni. Kinafaa kwa mwendo na hatari. Ukikitumia kila mahali, hadithi yote inakimbia na hakuna panapouma. Penye utulivu rudi kwenye -li- na -ki-, acha sentensi ikae. Soma tena ile sehemu ya mkate: mizani ina -ka-, lakini Mitya "alikitazama kwa muda mrefu." Hapo ndipo nilipotaka msomaji asimame.

Hatua ya nane: mwisho

Mwisho wa kitabu usisubiri mwisho wa vita. Tarehe 15 Aprili 1942, baada ya miezi ya njia zilizozikwa kwenye theluji, tramu za abiria zilianza tena kutembea Leningrad, na watu walilia kwa kuisikia kengele. Kuzingirwa kuliendelea karibu miaka miwili zaidi. Kwa hadithi ya Vera na Mitya siku hiyo inatosha: sauti ya kengele, ngazi ambazo Mitya anazishuka mwenyewe kwa mara ya kwanza, na sentensi moja kuhusu ubao wa sleji ambayo hakuisema kwa zaidi ya mwaka.

Baada ya hadithi weka ukurasa au mbili za maelezo yako kwa msomaji. Mwambie waziwazi: mji ni wa kweli, gramu ni za kweli, metronomu ni ya kweli, Vera na Mitya nimewabuni. Watoto hupenda kurasa hizi kuliko tunavyodhani.

Hatua ya tisa: soma kwa sauti mbele ya watoto

Kabla ya kumpa mhariri, wasomee watoto watano au sita wa umri uliowaandikia, sura moja kila siku, ukiwa na penseli. Usiwaulize kama wamependa, watakujibu kwa adabu. Weka alama pembeni kila wanapohama-hama: hapo umekuwa ukifundisha. Weka alama nyingine kila wanapouliza swali, na uandike swali lenyewe kwa maneno yao. Ukifika kwenye kile kipande cha mkate, nyamaza baada ya "Wewe kata, mimi nitachagua," uwatazame. Katika kundi langu mtoto mmoja aliunyoosha mkono wake, akautazama katikati ya kiganja, akamgeukia aliyekaa naye.